Santuri Iliyomegwa Kutafutwa Zebaki

Jumapili jioni, Kahama.

Upepo wa Agosti umeamka na hasira. Tangu nitoke kanisani unasukuma vumbi chini ya mlango, na mimi nimejifungia chumbani, madirisha nimeyaziba kwa kanga, kwa sababu mezani kuna kitu ambacho sitaki vumbi likiguse. Nitaandika hivyohivyo.

Jana nilikuwa Geita, kwenye gulio la santuri.

Wanangu Kulwa na Doto huniuliza kila mara kwa nini mtu mzima apande basi kwenda kununua muziki ambao umejaa tele kwenye simu. Swali lao ni zuri. Mimi mwenyewe nimewatilia shaka wenzangu wa gulioni tangu siku ya kwanza. Kuna mwenye baa wa Ushirombo, kuna mwalimu mstaafu anayekuja na soda yake mfukoni, kuna vijana wa Mwanza wanaovaa kofia za sufu juani. Nilikuwa nakaa pembeni nikijiuliza watu hawa wanatafuta nini hasa, maana hakuna mtu anayeamka alfajiri kufuata takataka.

Sasa nadhani nimewaelewa, ingawa si kabisa. Simu inakupa unachotaka papo hapo, na labda ndiyo maana inachosha. Gulioni hupewi. Unainama juu ya makasha, vidole vinakuwa vyeusi, unapitia sahani za santuri moja baada ya nyingine. Hii ina jina la mwenyewe kwa wino, ile ina alama ya glasi ya bia, na hujui kama inayofuata ndiyo yenyewe. Mume wangu, Baba Kulwa, ni dalali wa dhahabu. Yeye anasema ni ugonjwa uleule wa machimboni: mchimbaji hang'ang'anii shimo kwa ajili ya dhahabu aliyoipata, anang'ang'ania ile ambayo hajaipata.

Ndiye aliyenifundisha uso wa kununulia. Ukiona unachokitaka, usikishike. Shika cha jirani yake, kilalamikie, kirudishe, kisha uliza hicho kingine kama mtu anayeuliza njia ya kwenda sokoni. Gulioni wote tunafanya hivyo, na wote tunajua kwamba wote tunafanya hivyo. Hapo ndipo raha ilipo, na hapo ndipo simwamini mtu.

Nina sababu pia. Mwaka juzi Mwanza nilinunua santuri ya dansi yenye jalada zuri kabisa, picha ya wanaume wenye suruali pana na magitaa. Nilipofika nyumbani nikaweka sindano, nikasikia bwana mmoja akifundisha namna ya kupulizia dawa kwenye pamba. Pande zote mbili. Kulwa alicheka hadi akatoka nje. Tangu siku hiyo santuri siinunui kwa macho.

Lakini nisijifanye mpenzi wa muziki. Sikuanza kukusanya santuri kwa mapenzi.

Nilianza ili nimkamate baba.

Baba alikuwa mkulima wa pamba kule Kishapu, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata kwaya ikiimba yeye alifumba mdomo. Sauti yake tuliijua shambani tu, akiwaelekeza maksai. Ila mwaka ambao pamba ilikubali, jioni akishiba, alikuwa anatuambia kwamba ujanani aliimba kwenye bendi ya kiwanda cha kuchambua pamba, na kwamba sauti yake imo kwenye santuri. Santuri iko wapi? Iliazimwa, haikurudi. Wenzako wa bendi wako wapi? Wametawanyika. Mama alikuwa akicheka mpaka anajishika mbavu, na sisi watoto tukimfuata. Shangazi wa Mhunze, dada yake baba, peke yake ndiye aliyeapa kwamba ni kweli, lakini nani atampokea dada mtu kuwa shahidi?

Baba alifariki tukiwa bado tunacheka. Hakuwahi kugombana na mtu juu ya jambo hilo. Alikuwa anasema tu, "Siku moja mtaisikia," kisha anaomba maji ya kunawa. Mimi sijawahi kujua kama nilikuwa na baba mwimbaji au baba mwongo, na hilo limenikaa kooni miaka yote hii. Kwa hiyo nikaanza kutafuta.

Jana, basi. Ukumbi ni ule wa nyuma ya nyumba ya wageni, wenye feni inayozunguka bila kuleta upepo. Meza ya katikati ni ya Mzee Mabula wa Isaka, aliyestaafu kazi ya mizigo kule bandari kavu. Pleya yake ndiyo mizani ya gulio letu. Hakuna anayenunua bila kumpelekea, naye huweka sindano, hufumba macho, na ukumbi mzima hunyamaza kusikiliza mali ya mtu mwingine. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama leo nimekuja kusikiliza au kupekua. Hunitania hivyo kila mara.

Kwenye kona alikaa mtu mgeni, kijana wa makamo, buti zake zina udongo mwekundu wa machimboni. Jina lake Masanja. Mbele yake alikuwa na kiroba cha santuri, nyingi zimemegwa ukingoni, kama mikate iliyopitiwa na panya. Watu walikuwa wanamkwepa. Mimi nilisogea, maana mtu anayekwepwa na wengine ama hana kitu, ama wengine wamekwisha kukiona na wanajifanya hawajaona.

Nililalamikia sahani ya juu. Nikalalamikia ya pili. Ya tatu ilikuwa sahani ndogo, imemegwa pande la ukubwa wa kidole gumba, na karatasi ya katikati imechunika. Maandishi ya wimbo yamefutika yote. Kilichobaki ni jina la bendi, na chini yake jina la kiwanda alichokuwa akikitaja baba.

Uso wa kununulia ulinitoka. Nadhani hata Mzee Mabula aliona kutoka kule.

Nilimuuliza Masanja ameipata wapi. Akasema kiroba chote alikitoa kwenye baa iliyofungwa, njia ya Ushirombo. Nikamuuliza nani amezimega. Akasema ni yeye, kwa koleo, tena bila aibu yoyote. Kule kwao kulivuma habari kwamba vitu vyeusi vya zamani, redio, cherehani, santuri, vina zebaki nyekundu ndani, ile inayosemekana kumtajirisha mtu kwa siku moja. Lisemwalo lipo, alijiambia. Zebaki anaijua, anakamatia dhahabu kila siku, basi akaona amege kila moja kidogo achungulie. Alipofika nusu ya kiroba, mtu akamwambia kuna wendawazimu Geita wanaozinunua nzima.

Niliitazama ile sahani mkononi mwangu. Nilitaka kumpiga nayo, Mungu anisamehe. Nikamwambia kwamba ndani yake huenda yumo baba yangu.

Masanja akavua kofia.

"Mama, mimi nilikuwa natafuta zebaki," alisema. "Sikujua kama mna mtu ndani."

Akaniambia niichukue bure. Na hapo, badala ya kushukuru, shaka zote zikanirudia. Mchimbaji hatoi kitu bure. Nilifikiri labda karatasi ya katikati imehamishwa kutoka sahani nyingine. Labda aliisikia habari ya baba kwa mtu, maana gulio zima linajua ninachotafuta. Labda hii nayo ni dawa ya pamba.

Nikaipeleka kwa Mzee Mabula. Aliigeuza, akaitazama kwenye mwanga, akakataa kuiweka. Sindano ni moja, alisema, ikijikwaa kwenye ule mmego ikavunjika, gulio limekufa na watu wametoka mbali. Ilikuwa sababu ya haki kabisa. Lakini mimi nilimtazama vidole vyake, jinsi alivyokuwa haiachii, nikasema moyoni: huyu anaitaka. Atanikatisha tamaa niitupe, kisha aiokote. Niliichukua mkononi mwake kwa nguvu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu.

Nilipokuwa natoka aliniita, akanipa kisindano kikuukuu amekifunga kwenye karatasi ya sigara.

"Tumia hiki, kikivunjika kisikuume," alisema. "Usianzie mwanzo, wimbo huo hauna mwanzo tena. Weka ndani, pale mmego unapoishia."

Kwenye basi nilikifungua kile kisindano mara kadhaa nikikichunguza, nikitafuta ubaya wake. Kilikuwa sindano tu.

Leo baada ya kanisa niliweka pleya mezani, nikafanya kama alivyosema Mzee Mabula. Kwanza ni mkwaruzo, kama mtu anayepepeta mchele. Halafu magitaa, mepesi, yanakimbizana. Halafu sauti ya mwanaume, changa, inaimba Kisukuma, habari ya pamba iliyochanua wakati mwenye shamba yuko safarini. Niliinama hadi sikio likakaribia kugusa pleya. Je, ni yeye? Sikujua. Niliyemjua mimi alikuwa mzee mwenye kikohozi. Huyu ni kijana ambaye hajanizaa bado.

Wimbo unakaribia kuisha, gitaa linageuka kurudi pale lilipoanzia, na yule mwimbaji, katikati ya muziki, anapiga ulimi mara mbili na kuita, "Sabuni, rudi kwenye mstari." Wenzake wanasikika wakicheka.

Nilikaa chini.

Sabuni alikuwa maksai wetu mweupe, na baba aliwapa jina hilo maksai wote weupe aliowahi kuwafuga. Utoto wangu wote nimemtangulia Sabuni shambani, nimeshika kamba, nyuma yangu baba anapiga ulimi vilevile na kusema maneno yaleyale.

Machozi yalikuwa yamekwisha kufika, lakini shaka ikafika kabla hayajadondoka. Usukuma nzima, ng'ombe mweupe ni nani kama si Sabuni? Kila mkulima anapiga ulimi. Mtu yeyote wa Kishapu angeweza kusema vile. Ninajijua: nikiamini leo kwa nusu, kesho nitaanza kuchimbua, na nitachimbua mpaka nizeeke.

Nikampigia simu shangazi. Nilimwamkia kwa Kisukuma kama anavyopenda, nikamuuliza hali, mvua, mbuzi. Sikumwambia kuhusu santuri. Nilimuuliza tu kama anakumbuka nyimbo ambazo baba alikuwa anasema ziko kwenye ile sahani yake.

"Kabula, unanipima kama dhahabu ya mumeo?"

Nikasema ndiyo, shangazi, nakupima. Sikuona haja ya kumdanganya.

Naye akaanza kuimba. Sauti imechoka, ina hewa nyingi, lakini ule wimbo wa pamba ulikuwa uleule, na aliuanza mbali, kwenye beti ambazo koleo la Masanja liliziondoa. Nilizisikia kwa mara ya kwanza. Mwenye shamba anaaga, anamwachia dada yake jembe. Kumbe ndivyo ulivyoanza.

Bado nikamwomba wimbo wa pili. Upande wa pili nilikuwa sijauweka kabisa. Niliuacha makusudi, ili hata mimi nisijue kilichomo, asije akasoma chochote kwenye sauti yangu. Ndivyo nilivyo. Shangazi akakohoa, akaimba wimbo wa kijana aliyepeleka posa akasahau njia ya kurudi kwao. Wakati anaimba nikaigeuza sahani taratibu, nikaweka kile kisindano cha Mzee Mabula pale mmego unapoishia, nikaiweka simu kwenye spika.

Mkwaruzo. Magitaa. Na yule kijana akaingia, naye amesahau njia ya kurudi kwao.

Shangazi alisikia. Sauti yake ilikatika mara moja tu, kisha akaendelea kuimba, yeye Mhunze na kaka yake mezani kwangu. Mmoja alikuwa mbele kidogo ya mwenzake, ila kwenye kiitikio walikutana. Alikuwa anamfunika. Wimbo huo nimeutafuta miaka, na pale ulipopatikana sikumsikia baba vizuri kwa sababu ya dada yake.

Sikumnyamazisha.

Sahani ilipoisha, tulisikia pamoja sindano ikizunguka patupu. Nilitafuta pa kutilia shaka. Nilitafuta kwa bidii, nawaapia, kama ninavyotafuta siku zote. Sikupata.

Shangazi akasema, "Sasa mwambie marehemu mama yako alale vizuri huko aliko. Mumewe hakuwa mwongo."

Jumamosi naenda Mhunze na pleya mapajani. Nitapitia Isaka kwanza nimrudishie Mzee Mabula kisindano chake, na nimtazame usoni nikimshukuru, jambo ambalo jana sikulifanya. Masanja naye nitamtafuta. Kiroba chake bado kina santuri, na kila moja ina mtu ndani.

Vumbi bado linaingia. Nimeifunika sahani kwa kanga ya harusi yangu. Baba, tumeisikia. Naomba usituulize kwa nini tulichelewa.