Wambui, Uliyegeuka Jiwe Tumboni Mwangu

Mwanangu Wambui,

Nakuandikia nikiwa wodini hapa Thika. Kesho asubuhi watanipasua wakutoe, na kabla hawajatugusa nataka tuongee sisi wawili.

Unakumbuka Ruiru? Nilikuwa nachuma kahawa, kikapu nimekifunga kiunoni, nawe unakipiga teke mpaka buni zinamwagika. Wenzangu walicheka: "Huyu atatoka akichuma!" Mwezi wa tisa uchungu ulinishika siku mbili, kisha ukaisha, nawe ukanyamaza. Tumbo likapungua polepole. Sikuwa na mtoto wa kumwonyesha mtu.

Kwa desturi yetu, binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Nyanya yako Wambui alinisimamisha mbele ya wanawake wote: "Wewe ulibeba hewa. Jina langu halipewi hewa!" Baba yako akaoa mwingine. Mimi nikahamia mtaa wa Landless kuuza mboga, miaka thelathini na tano, majirani wote wakiwa Mama Fulani na mimi nikiitwa "yule wa sukuma wiki".

Juzi maumivu ya mgongo yakanipeleka kupigwa picha. Daktari kijana akaiinua dirishani. "Cucu, hii ni mtoto. Ilikua nje ya nyumba ya uzazi, ikakufa, mwili ikaifunika na chokaa. Sasa ni kama jiwe." Cucu! Nimeitwa nyanya kabla ya kuitwa mama. Nililia, halafu nikakasirika, na hasira hiyo bado ninayo.

Nikaibeba picha hadi Witeithie, kwa nyanya yako. Haoni vizuri siku hizi, kwa hivyo nilimshika kidole nikakipitisha juu ya kichwa chako, mgongo wako, magoti uliyoyakunja.

"Ngai, Mungu wangu!" akasema. Akakirudisha kidole kichwani pako. "Ni kijana ama ni msichana?"

Daktari hajui. Mimi najua.

"Ni Wambui," nikamwambia. "Na sijakuja kuomba ruhusa."

Hapa hospitalini wanataka kukuweka kwenye chupa, wanafunzi wao wakutazame. Nimekataa kabisa. Nimekuletea leso mpya, na utazikwa Witeithie, katika shamba la nyanya yako, naye atasimama pale mbele ya watu.

Sasa hivi nesi ameleta fomu ya upasuaji niweke sahihi. Amesoma jina nililoandika hapo, akaniambia hilo si jina lililo kwenye kitambulisho. Nimemwambia asilifute.

Ni mimi,
Mama Wambui