Maroboti Hayana Damu

Mama watoto,

Nimempeleka kitindamimba wetu hospitali. Bega limeteguka. Yu hai, usije ukapiga mayowe njiani. Chai iko kwenye chupa, kunywa kwanza.

Asubuhi dada yake alimkalia mgongoni, akamkunja mkono kwa nyuma, akavuta mpaka nikasikia bega likilia ko! Nilipomng'oa pale juu akaniambia, "Baba, natafuta nyaya." Kwenye ule mchezo wa video wa maroboti, ukimng'oa adui mkono nyaya zinachomoza, unapewa alama.

Uliniuliza kama unawafaa watoto. Nikakujibu kifundi gereji: maroboti hayana damu, yanamwaga oili tu, waache wacheze. Tena Jumapili nilikaa na dada mtu akicheza, nikimpigia kelele, "Vuta huo mkono, mwanangu! Ponda kichwa!" Kumbe alikuwa anajifunza.

Mchezo nimeufungia kabatini, ufunguo ninao. Dada mtu yuko kwa mama jirani. Ukimchukua, ~~mchape~~ usimchape. Hajui alichofanya. Ameniuliza kama gereji tuna mkono mwingine wa saizi ya mdogo wake. Mjibu wewe.

Baba yao