Usinzie Tu, Sehemu Yako Nitaimalizia Mimi

Nyumbani, chumba cha kupigia pasi,
Jumapili mchana, baada ya ibada.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Hujambo mwanangu, hujambo mama. Hapa nyumbani sote tumeamka, Bwana ametuhifadhi. Baba yako hajambo, isipokuwa lile goti lake la kushoto ambalo siku hizi ndilo linalotutabiria mvua. Leo linauma, nami nimeshaanua mashuka. Bibi yako hajambo, masikio yamekuwa mazito lakini ulimi uko vilevile. Mdogo wako Kipaza hajambo, bado anaongea kama mtu aliye ng'ambo ya mto, na kanisani wamempa kazi ya kusoma matangazo, kwa hiyo spika za kanisa zinapumzika. Jirani yetu nesi hajambo, anakusalimu sana. Hata paka hajambo. Kazaa ndani ya kapu langu la foronya, na Bibi amekataza asisumbuliwe, kwa hiyo wageni wa ile nyumba ya kulala wageni ninayoifulia watangoja foronya zao.

Na wewe je, mwanangu? Mkwe wangu yu mzima? Amesharudi kutoka kwenye hizo nguzo zake za umeme? Na wajukuu zangu, yule mkubwa, na yule mdogo anayelala huku anasaga meno? Na watoto wa darasani kwako? Nakuuliza kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa unanijibu, "Niko sawa, Mama," halafu unaniuliza habari za paka. Barua haikatiki. Hii utaisoma mpaka mwisho.

Ule ujumbe wa sauti ulionitumia juzi nimeusikiliza mpaka Kipaza akaninyang'anya simu. Ulisema polepole, nyuma yako kengele ya shule inalia: "Mama, nimeacha kusali. Nikipiga magoti nasinzia, naona haya mbele za Mungu. Nimeona heri nisipige kabisa." Halafu ukacheka kidogo. Ni kile kicheko kilichoniondolea raha. Mimi nimekuzaa, nakijua kicheko chako tangu huna meno. Kile cha kwenye simu hakikuwa chako.

Tangu hapo roho yangu iko juu juu. Napiga pasi foronya, naona mahali ambapo kichwa chako hakijalazwa. Nakuona unasahihisha madaftari huku unakoroga sufuria. Ukitoka shule ni kwaya, ukitoka kwaya ni nguo za watoto, mume hayupo, na maji nayo ni siku yanapotaka yenyewe. Na kila mtu anakwambia Mungu akubariki mwalimu, hakuna anayekwambia keti.

Basi Alhamisi nikaenda kwenye maombi ya akina mama nikiwa na neno moja tu kifuani, yaani wewe. Unaijua desturi yetu, mtu akiwa magotini haguswi. Hata simu yake ilie, hata mvua iingie, mpaka ainuke mwenyewe. Na unamjua mwenyekiti wetu, yule tunayemwita Mama Ratiba, na kengele yake ndogo: kengele ya kuanza, kengele ya toba, kengele ya shukrani, kengele ya kufunga. Hakuna anayezidisha.

Nilipiga magoti kwenye benchi la kando, pale jua la mchana linapoingia kwa kile kioo cha rangi ya chai. Nilikuwa nimetoka kufua mashuka ya nyumba nzima ya wageni. Nikasema, Bwana, nimekuja kwa ajili ya Chiriku. Nikaweka paji la uso kwenye benchi, mbao yenyewe ya moto kidogo, inanukia nta. Sikufika neno la pili, mwanangu. Usingizi ukanichukua mzima mzima.

Nikaota. Nilijiona kwenye ua wa kuanikia kule kazini, lakini ua wenyewe haukuwa na mwisho. Mashuka meupe safu kwa safu, bado mabichi, yanapumua na upepo. Chini ya mashuka nikaona miguu yako, ile ya utotoni, ina vumbi, inakimbia. Nikanyanyua shuka, hupo. Nikanyanyua jingine, nasikia tu unavyoimba kwa pua upande wa pili. Na mimi nina beseni kichwani, zito, linanichuruzikia mgongoni, na moyoni nasema nisipomfikia huyu atanipotea. Basi nikachoka. Kumbe hata ndotoni mtu huchoka. Nikatua beseni, nikaketi palepale kwenye majani yenye maji. Nilipoketi, ile miguu ikasimama. Ikaanza kuja. Ukapenya katikati ya mashuka ukiwa na uso wako wa sasa, wa utu uzima, ukaweka kichwa mapajani pangu. Na nyuma yako kulikuwa na mtu anaanua mashuka, anayakunja moja moja. Uso wake sikuuona. Nilichokiona ni mikono, na jinsi alivyokunja kama mtu asiye na haraka hata kidogo.

Wakati mimi niko huko, wenzangu wanangoja. Wao waliona Mama Chiriku yuko magotini, hatikisiki, wakajua leo amezama, Bwana anasema naye. Mama Ratiba hakupiga kengele ya toba. Nani angethubutu? Wakabaki magotini nao, kwa heshima yangu. Kukawa kimya, na joto lile, na wale ni wanawake waliotoka kazini wote. Fundi cherehani akaegemea nguzo. Yule mama wa duka la dawa akalala upande. Mmoja mmoja wakazama.

Kilichotuamsha ni kengele yenyewe. Ilianguka sakafuni. Mama Ratiba alikuwa ameishika mapajani, naye usingizi ukamfungua vidole.

Tukainua vichwa, kila mtu na alama ya benchi usoni, tunatazamana. Fundi cherehani akanisogelea kwa unyenyekevu mwingi, akaniuliza nimeonyeshwa nini. Wote wakanigeukia. Mwanangu, pale nilijaribiwa. Ningeweza kusema jambo zito nikarudi nyumbani na heshima yangu. Lakini nikakukumbuka na ile haya yako, nikaona nikidanganya hapa nimekuacha peke yako kule. Nikawaambia nilikuwa nimelala. Kwamba mwanangu mwalimu ameacha kusali kwa sababu ya usingizi, nikaja kumwombea, nami nikalala.

Usinikasirikie kwamba nimekutaja. Hakuna aliyecheka. Yule wa duka la dawa akasema hata yeye, tena kwake ni mwaka sasa, anafungua kinywa kusali yanatoka majina ya dawa. Mwingine akasema analia akiwa anaosha vyombo na hajui analilia nini. Watu tunaokaa benchi moja kila wiki, na kila mmoja alijua ni yeye tu. Mama Ratiba aliiokota kengele yake akaitazama sana. Tangu mumewe afariki hatujamwona akiketi. Akasema, "Jamani, muda wote huu nilidhani nawaita kwa Mungu. Kumbe nilikuwa nawaamsha." Halafu akalia, na sisi tukamwacha alie, maana aliye hivyo naye haguswi.

Ndipo tukakubaliana. Alhamisi kila mtu aje na mkeka wake. Mmoja, kwa zamu, atakaa macho awasalie wengine kwa majina, na wengine walale, bila kengele. Mchungaji alipopata habari alikuna kidevu, akauliza kama anaweza kuleta mkeka. Tumemwambia hayo ni maombi ya akina mama. Bibi yako nilipomsimulia kwa kumpigia kelele sikioni, akasema yeye amekuwa akifanya hivyo wakati wa mahubiri toka zamani, leo ndipo sisi tumemfikia.

Mimi shule yangu ni fupi, siwezi kukufafanulia Neno. Lakini tangu Alhamisi namfikiria yule nabii aliyechoka mpaka akaomba afe, akajilaza chini ya mti. Malaika alipokuja hakumuuliza mbona husali. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kazi ikaja baadaye. Na Bwana wetu mwenyewe, si alilala chomboni huku wenzake wanahangaika na mawimbi? Alikuwa na mto kabisa. Tena huo mto mimi naufikiria sana, kwa sababu ya kazi yangu. Kuna mtu aliuweka pale.

Na wewe, umesahau ulivyokuwa? Tulikuwa tukisali jioni hapa sebuleni, kila mtu na sehemu yake, na yako ilikuwa ya kuwaombea wagonjwa na kuku. Hukuwahi kufika kwa kuku. Ulikuwa unalala umesimama, baba yako anakudaka kabla hujaanguka, nakufunika kanga, halafu mimi naimalizia sehemu yako. Nasema, na kuku pia, amina. Asubuhi ulikuwa unaamka unaimba, na wala hukuniuliza kama sala ilifika. Ulijua imefika.

Basi nataka turudi hapo. Kuanzia leo sehemu yako ninayo mimi. Ukipiga magoti ukasinzia, usinzie tu, mimi nitakuwa naendelea. Ukishindwa hata magoti, jilaze useme, Bwana, mama yuko zamu. Basi.

Kuna jambo jingine, nalo usilikunjie uso. Nimemweleza nesi jirani, bila kutia chumvi, hiyo hali ya kulia kwenye stoo ya vitabu kati ya kipindi na kipindi, ambayo ulimwambia Kipaza ukidhani Kipaza ana siri. Nesi amesema uchovu wa namna hiyo ukikaa sana huwa ugonjwa, una dawa na una watu waliosomea kuusikiliza. Akasema uende hospitali ukaseme hivyohivyo, bila kuona aibu. Kwenda kwa daktari si kupungukiwa imani. Mbona jino ulilipeleka.

Na kwaya, mwanangu, waachie. Waambie mpaka shule zifunguliwe tena, mwingine ashike. Wataimba vibaya kidogo, Mungu atavumilia, amemvumilia Kipaza. Baba yako ameniambia nisikuingilie mambo yako. Nimemsikia, na nimeingilia.

Shule zikifungwa njoo na watoto. Chumba chako cha zamani nimekitandika mashuka ya kuanikwa juani, siyo ya pasi, kama ulivyokuwa ukipenda, yale yanayokwaruza kidogo na kunukia upepo. Ukifika hutaulizwa kitu. Utalala mpaka njaa ikuamshe, na wajukuu nitawafundisha kukunja foronya, tukiachiwa kapu na paka.

Sasa ninapoandika nyumba yote imelala. Baba yako kwenye kiti na goti lake juu ya stuli, Bibi na biblia imefunguka kifuani inapanda na kushuka, paka na wanawe kapuni. Mvua imeanza kugusa bati, kidogo kidogo. Najisikia kama niko bado kwenye ule ua, na yule mtu anakunja. Nadhani namjua ni nani.

Nisalimie mkwe wangu, mwambie akishuka kwenye nguzo akushike mkono akuketishe. Wabusu wajukuu zangu, mkubwa na msaga meno. Wasalimie walimu wenzako, hasa huyo anayekushikia darasa ukichelewa, Mungu amkumbuke. Baba, Bibi, Kipaza na nesi wote wanakusalimu, na akina mama wa Alhamisi wamesema nikwambie una mkeka wako.

Bwana akufunike kama nilivyokuwa nikikufunika, na akufunue asubuhi ukiwa unaimba.

Nijibu upesi, mwanangu, usiniweke. Sitaki ukurasa, ukurasa utakunyima usingizi. Usiniandikie kwamba uko sawa. Siku utakapolala, niandikie neno moja tu, "Nimelala," nami nitalisoma kwa sauti hapa sebuleni mpaka Bibi asikie.

Ni mimi mama yako akupendaye,
niliye zamu.