Kwa Mama Mkwe Aliyenitembeza Njia ya Zuzu

Mama yangu wa Mlali,

Mbukwenyi, nakusalimu kwa Kigogo chenu. Najua ungekuwa hai usingeniitikia mwenyewe. Ungemgeukia Yudithi na kumwambia, "Mwitikie mumeo." Ndivyo tulivyoishi mimi na wewe kwa miaka mingi, maneno yetu yakipitia kwa mtu wa katikati hata tukiwa chumba kimoja, wewe umekaa karibu na mlango, uso umeuelekeza uani. Kwetu Muheza mkwe anaheshimiwa, lakini kwenu nilikuta heshima yenye umbali wake unaojulikana, na ilinichukua muda kuizoea. Leo nakuandikia moja kwa moja. Majuma sita yamepita tangu tukuzike, na yapo mambo ambayo sikuyasema yakatosha.

Nianze na jinsi ulivyonikuta.

Nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, na kitambi changu kilikuwa kinafika mlangoni kabla yangu. Sikukionea haya hata kidogo. Mimi na mwanao tulioana miaka ya foleni, mama. Tulipanga mstari kuanzia alfajiri kwa kilo moja ya sukari na kipande cha sabuni, na mara nyingine tulirudi nyumbani na kikapu kitupu. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Maduka yakajaa mafuta ya kula, soda, mikate laini, na sembe nyeupe isiyo na chembe ya pumba. Nikajiapia kwamba njaa ya macho haitakanyaga tena nyumbani kwangu. Chai nilitia vijiko vitano. Mchana wali wa nazi, na nazi nilikuwa nikiagiza kutoka kwetu. Jioni nikitoka kazini napitia chipsi, na soda mbili za kusukumia. Majirani wa Nkuhungu walinipiga tumboni wakisema, "Mambo yamekunyookea, Baba Neema!" Nami nilicheka nikaamini.

Halafu kiu ikaanza. Nilikuwa nikinywa maji mtungi mzima na koo bado kavu. Miguu ikawa inawaka moto. Ofisini, jina lililoandikwa juu ya faili nikaanza kuliona mara mbili, moja limelalia jingine, na siku moja nikashuka ngazi na rundo la mafaili nikaikosa ngazi ya mwisho. Wenzangu waliniokota mimi na makaratasi.

Daktari aliyenipima alikuwa mwanamke kijana, mpole lakini hana mzaha. "Baba, sukari iko juu sana, na presha nayo imepanda," alisema. "Vidonge nitakupa, ila vidonge peke yake haviwezi. Badilisha unavyokula, na utembee kila siku. Ukiendelea hivi, macho ndiyo yatakayotangulia kukuaga." Akaniandikia karatasi: nafaka isiyokobolewa, mboga nyingi, mafuta kidogo, sukari basi, kutembea.

Karatasi ile niliikunja nikaitia mfuko wa shati, na nyumbani sikusema kitu. Unajua kwa nini, mama? Ilikuwa ni wakati ule wa kupunguza wafanyakazi. Kila mwezi kulikuwa na mnong'ono wa orodha mpya. Karani asiyeona mafaili ana kazi gani? Nikafikiri nikinyamaza, ugonjwa nao utanyamaza. Yudithi aliikuta karatasi akifua, akaisoma, akaianika pamoja na shati. Hakunigombeza. Alituma ujumbe Mlali kwa mtu aliyekuwa anapanda basi.

Ulifika juma ambalo mawingu ya kwanza yalikuwa yanajikusanya, wakati kila mtu kwenu anaandaa shamba. Ulishuka na gunia la uwele, mfuko wa mlenda mkavu uliokwisha kusagwa, na jembe. "Mwambie mkwe wangu nimekuja kusalimia tu," ulisema. Nilimtazama Yudithi, Yudithi akatazama jembe, hakuna aliyeuliza.

Jioni ile mezani nikaletewa ugali wa uwele wenye rangi ya majivu, hauzidi ngumi yangu, bakuli la mlenda na kunde zilizochemshwa. Nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nainama. Nilisema kwa sauti, nikijua upo jikoni na kati yetu kuna pazia tu: "Yudithi, hiki ni chakula cha njaa. Sikutoka kwenye foleni ili nije kulishwa chakula cha njaa ndani ya nyumba yangu!"

Kisha nikasikia mwiko unakwangua sufuria, taratibu, kama vile hakuna aliyesema kitu. Kesho yake chakula kikawa kilekile.

Siku ya tatu Yudithi alikuja akasimama kati yetu, mimi kwenye kiti changu, wewe kizingitini. "Mama anasema kuna mama mmoja wa kanisani amempa kipande cha shamba, njia ya kwenda Zuzu. Anataka awe anakwenda asubuhi. Lakini anaogopa mbwa wa njiani. Anauliza, je, hapa nyumbani hakuna mwanamume wa kumsindikiza?"

Mwanamume pale nyumbani nilikuwa mmoja. Na mkwe akiomba, hakataliwi.

Asubuhi ya kwanza nakumbuka baridi yake na upepo wenye vumbi. Ulitangulia na jembe begani, mimi nikafuata nyuma hatua ishirini, kama adabu ilivyotaka. Kabla hatujaziacha nyumba za mwisho nilikuwa nimekwisha kuishiwa pumzi. Nikasimama. Hukugeuka, mama. Ulisimama na wewe, ukaanza kufunga kanga upya, ukaifungua, ukaifunga tena, mpaka uliposikia viatu vyangu vinakwaruza mchanga, ndipo ukaendelea. Siku ile kanga yako ulifunga mara tatu. Tulipofika, shamba lenyewe halikuzidi ukubwa wa uwanja wa nyumba yangu. Nikakaa juu ya jiwe, wewe ukalima mstari mmoja, tukarudi, nikawahi kazini.

Ukaja mwezi ambao kanga ulifunga mara moja tu. Ukaja mwezi ambao hukuifunga kabisa, na mimi nikachoka kukaa juu ya jiwe. Nikamwambia Yudithi akuulize kama naweza kupokea jembe kidogo. Jibu lilirudi palepale: "Mwambie jembe halina mwenyewe." Nikalima mistari miwili, mikono ikatoka malengelenge, na jioni ile nilikula uwele wako nikatafuta mwingine. Hukuniongeza. Uliniongeza mlenda.

Sikugeuka kuwa mtu mwema kwa siku moja. Chai bila sukari niliinywa kama mtu anayemeza adhabu. Nilificha biskuti kwenye droo ya ofisi. Lakini miguu iliacha kuwaka, na mkanda wa suruali nikautoboa tundu jipya, kisha jingine. Asubuhi moja masjala nikavuta faili, nikasoma jina, nikakuta ni moja, limetulia mahali pake. Nilikaa chini nikalitazama tu.

Daktari aliponipima tena aliuliza nimefanya nini. Nikamwambia, "Namsindikiza mama mkwe shambani." Alicheka mpaka akavua miwani. "Basi endelea kumsindikiza," akasema, "na vidonge usiache."

Lakini mavuno yalipokaribia ulirudi Mlali, na hapo ndipo nilipoonyesha jinsi nilivyokuwa sijaelewa. Siku ya kwanza nilisema nipumzike. Siku ya pili kulikuwa na manyunyu. Juma lililofuata kulikuwa na harusi ya mwenzetu wa ofisini, pilau na soda bila hesabu, na mtu akisema, "Kula bwana, ugonjwa gani wa kumkataza mtu harusi?" Kufikia mwisho wa mwezi, kiu ikawa imerudi nyumbani kwangu kama mgeni aliyesahau mzigo.

Yudithi aliniona nikinywa kikombe cha tatu cha maji, akakaa mbele yangu.

"Baba Neema, unajua mwaka huu nyumbani wamelima nusu shamba?"

"Kwa nini? Mvua si zilikuwa nzuri?"

"Mama hakuwepo. Kaka Yona amelima peke yake na mgongo wake ule. Msimu wote mama alikuwa huku, anakutembeza."

Sikuwa nimewaza hilo hata siku moja. Niliona jembe, niliona gunia, nikala uwele wa ghala lako, na sikujiuliza mkulima anafanya nini mjini wakati wa kilimo. Na mtu huyo ndiye ambaye chakula chake nilikiita cha njaa.

Jumamosi nikapanda gari kuja kwenu. Liliharibika kabla ya kufika, na kila aliyekuwa ndani akatafuta kivuli kusubiri fundi. Mimi nikashuka, nikashika njia kwa miguu. Nilipoingia uani kwako jua lilikuwa limekwisha kupinda, nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Mbwa watatu wakubwa walinirukia. Ukatoka ndani, ukawakemea neno moja kwa Kigogo, wakalala chini wote wamefumba midomo.

Nikawatazama mbwa, nikakutazama wewe. Yona, shemeji yangu, aliyekuwa anapepeta uwele pembeni, akaanza kucheka. "Shemeji, walikwambia mama anaogopa mbwa? Huyu aliwahi kumfukuza fisi kwenye zizi kwa mwiko wa ugali!"

Ulifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Ndiyo mara ya kwanza nilikuona ukicheka.

Yona alitaka kusimama katikati yetu, achukue maneno yangu ayapeleke kwako. Nikamwomba aniache. Nilipiga goti pale kwenye vumbi, macho chini, nikasema mwenyewe: "Mama, nilitukana chakula chako. Nisamehe. Na nisamehe shamba."

Nilidhani nimeharibu zaidi kwa kuvuka mpaka. Kisha ukasema, bila kumgeukia Yona, bila kumgeukia mtu yeyote:

"Gari lilikuleta mpaka hapa?"

"Hapana, mama. Liliharibika. Nimekuja kwa miguu."

"Umepumzika njiani mara ngapi?"

"Sikupumzika, mama."

"Basi," ukasema. "Neema hatalelewa na picha ya baba yake. Ingia ule."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza uliyoniambia mimi mwenyewe. Uliniwekea ugali wa uwele, ngumi moja, nikaumaliza nikafuta bakuli kwa kidole. Kesho yake nilikaa nikamsaidia Yona kuvuna mpaka jioni, na niliporudi Dodoma sikuhitaji tena mtu wa kuogopa mbwa. Niliamka mwenyewe. Kile kipande cha njia ya Zuzu nilikiomba kwa yule mama wa kanisani, akaniachia, nikawa napanda uwele na kunde, na nazi za Muheza nikaziachia sikukuu. Kuanzia hapo ilikuwa ni uamuzi wangu, mama, lakini wewe ndiye uliyenishika mkono mpaka nikaweza kuamua.

Nimepata miaka ambayo sikuwa na haki nayo. Orodha za ofisini zilipita, na jina langu halikuonekana. Nilimwona Neema akivaa sare ya sekondari. Fomu yake ya kujiunga na shule ile niliisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, bila kuomba macho ya mtu. Yudithi siku hizi anatembea nami, tena hatua kwa hatua, bega kwa bega, tunaongea habari za watoto na bei ya mkaa. Vidonge bado nameza. Sukari bado ipo mwilini, haijaondoka, ila tumeheshimiana.

Ulipotuaga, tulifika Mlali tukakuta watu wamejaa mpaka barabarani. Kutoka nyumbani kwako mpaka makaburi ya kanisani ni mbali kidogo, na njia inapanda. Vijana wa kwenu walikubaliana kupokezana jeneza. Nikaenda nikashika upande wa mbele, kulia. Tulipofika mti wa kwanza, kijana mmoja akanyoosha bega apokee. Nikatikisa kichwa. Mbele kidogo akaja Yona mwenyewe, amevimba macho, akaninong'oneza, "Shemeji, wewe ni mgonjwa. Wapishe wenzako."

Nikamwambia, "Yona, niache nifike."

Akaniacha. Jasho lilinitoka, bega likafa ganzi, na nyuma yangu nilisikia kina mama wa kanisa wakiimba kwa Kigogo wimbo nisioujua. Wengine walipokezana, nadhani mara nne au tano. Mimi nilikubeba kuanzia mlangoni kwako mpaka juu, mama, na sikusimama hata mara moja.

Ahsante. Lala salama katika udongo wa kwenu, na huku Nkuhungu usitie shaka: mwanao anaye mume.

Ni mimi mkweo,
Baba Neema