Senti Kumi ya 1936 na Jicho la Kulia la Mwenyekiti

KIKUNDI CHA WATUNZA SARAFU ZA ZAMANI, KASIKEU

Kumbukumbu za kikao cha Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, chumba cha Sande Skuli. Kikao kilikuwa cha saa nane. Kilianza saa tisa kasorobo. Aliyechelewa ni Mwenyekiti, yule yule aliyetusomea mwezi wa pili kwamba tuheshimu wakati.

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Nzomo – Mwenyekiti, na pia Mkaguzi wa Sarafu (kazi mbili, alijichagulia)
2. Bi. Muthoki – Katibu
3. Bi. Mumbua – Mtunza Sanduku
4. Bw. Kaloki – Mwanachama
5. Bi. Wamucii – Mwanachama (anauza miwani za kusomea pale Malili)

ALIYETUMA UDHURU: Bw. Mutie. Ng'ombe wake alikuwa anazaa.
ASIYETUMA UDHURU: Bw. Mbithi. Katibu akija kikaoni alimpita ameketi nje ya kinyozi, na nywele hana.

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA
Bw. Kaloki aliomba. Aliomba Mungu afunue wezi wote walio kati yetu. Mumbua alisema Amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

KUMB. NA. 2/06/2025: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Zilisomwa. Katibu alisahihisha mahali pamoja. Mwezi wa pili iliandikwa kwamba "wanachama wote walikubali" kila sarafu iangaliwe kwa lenzi kwa jicho la kulia peke yake. Si wote. Katibu alikataa, akaambiwa aandike wote ndiyo ipendeze, akaandika. Leo inaandikwa sawa: wanne walikubali, mmoja alikataa, na huyo mmoja ni Muthoki.

Kwa wale wasiokumbuka, sheria hiyo ilitoka hivi. Mutie aliangalia shilingi ya mfalme kwa jicho la kushoto akasema mwaka ni 1948. Mwenyekiti akaangalia kwa la kulia akasema ni 1946. Badala ya kuwasha taa, Mwenyekiti alieleza kwamba salamu ni ya mkono wa kulia, meza ya Bwana ni mkono wa kulia, kwa hivyo hata macho yawe na adabu. Ilipigiwa kura. Ndiyo namna kikundi kizima cha watu wenye wajukuu kilivyopiga kura juu ya jicho.

KUMB. NA. 3/06/2025: MASHTAKA JUU YA BI. MUMBUA
Mwenyekiti alieleza kwamba hili ndilo jambo kubwa la leo. Katika daftari la mwezi wa kwanza kuna senti kumi yenye tundu, mwaka 1936, yenye herufi H ndogo ya kiwanda kilichoitengeneza, mali ya marehemu mama yake Kaloki. Alikuwa akiifunga kwa kona ya leso mpaka alipofariki. Kaloki aliileta kwa kikundi ionyeshwe kwa watoto wa shule siku ya maonyesho. Sanduku lote hukaa kwa Mumbua.

Mwenyekiti alieleza kwamba tarehe 24 Mei alikwenda kwa Mumbua na lenzi yake kukagua sanduku. Senti ilikuwa 1936, tundu lilikuwa, H haikuwa. Akaangalia mara tatu. Kwa vile ziko za mwaka huo zenye herufi na ziko zisizo nayo, aliona wazi kwamba ile ya mama Kaloki imetolewa, ikawekwa nyingine. Kwa hivyo anapendekeza Mumbua atoke kwa kikundi na anyang'anywe sanduku.

Katibu aliuliza kwa nini mapendekezo haya yalifika posho mill kabla ya kufika kwa kikao. Ni kweli Mwenyekiti aliyasema pale kwa laini ya kusaga, wanawake wakiwa kumi na zaidi. Mwenyekiti alijibu kwamba aliulizwa. Katibu aliuliza aliulizwa na nani. Swali hilo halikujibiwa na linaandikwa hapa likae.

Bw. Kaloki alisema yeye hana chuki na mtu, anataka tu kitu cha mama yake, na kama Mumbua alikuwa na shida angemwambia.

Bi. Mumbua alikuwa amenyamaza tangu Amina. Alisema: "Kaloki, mama yako mimi ndiye nilimwosha. Nilifungua hiyo leso na mikono yangu, nikakupatia hiyo senti ukiwa unalia. Leo ndiyo nimeiiba?"

Kaloki aliangalia chini. Mwenyekiti alisema tusiingize machozi kwa ajenda. Inaandikwa kwamba Mumbua hakutoa chozi hata moja.

KUMB. NA. 4/06/2025: MACHO
Mwenyekiti alitaka kura ipigwe. Katibu alikataa kuihesabu. Alieleza kwamba H ya daftari aliiandika yeye mwenyewe, kwa kuiona, na ingawa shule yake iliishia darasa la nne, H wanafundisha darasa la kwanza. Mwenyekiti alisema pengine Katibu aliota. Katibu alimjibu jambo ambalo Bi. Wamucii ameomba lisiandikwe.

Bi. Wamucii aliomba nafasi. Alieleza kwamba watu wanaokuja kununua miwani kwake huwa anawapima kitu kimoja kwanza. Kila mtu ana jicho moja linaloongoza na lingine linalofuata, kama vile watu wengine ni wa mkono wa kushoto. Hilo linalofuata halijakufa, lakini ukilipa kazi ndogo peke yake, kama herufi ya ukubwa wa kichwa cha sindano, linaweza kuchoka, litoe maji, na mtu anakisia. Tena alisema lenzi inakaa karibu na jicho na sarafu ndiyo inasogezwa, si kunyoosha lenzi mbali kama mtu anayemulika panya. Na jicho lingine lisifinywe, liachwe wazi tu.

Mwenyekiti aliuliza hayo ni mafundisho ya dini gani. Wamucii alisema, "Mzee, si dini. Tupime, ni dakika mbili."

Alichukua senti nyingine yenye tundu kutoka kwa sanduku, ambalo Mumbua alikuja nalo. Alimwambia kila mtu ainyooshe mbele kwa mikono miwili, macho yote wazi, atazame kwa hilo tundu mpaka aone msumari wa kalenda ukutani. Kisha afunge jicho moja, alifungue, afunge jingine. Jicho likibaki wazi na msumari bado uko, hilo ndilo linaloongoza.

Matokeo: Muthoki, kulia. Kaloki, kulia. Wamucii, kulia. Mumbua, kushoto. Mwenyekiti alisema yeye hana haja, macho yake anayajua tangu azaliwe. Kaloki mwenyewe ndiye alimwambia, "Nzomo, shika hiyo senti." Akashika. Alifunga la kulia, akasema msumari anauona vizuri sana. Alifunga la kushoto. Aliulizwa msumari uko wapi. Alisema mtu ameutoa.

Alirudia mara nne. Mara ya tatu alibadilisha kiti. Msumari ulikuwa pale pale, na kalenda ya mwaka juzi juu yake.

Kwa hivyo kikao kilijua kwamba Mkaguzi wetu, tangu mwezi wa pili, kwa sheria aliyoitunga mwenyewe, amekuwa akifinya jicho linaloongoza na kutumia lile la kufuata. Sarafu arobaini na moja zimeandikwa kwa jicho hilo.

Senti ya mama Kaloki iliwekwa kwa meza. Wamucii alimwonyesha Mwenyekiti namna ya kushika: viwiko juu ya meza, lenzi karibu na jicho la kushoto, senti inaletwa polepole, mgongo kwa dirisha nuru iingie kando. Mwenyekiti alitazama kwa muda mrefu sana. Tulingoja. Kaloki alimuuliza anaona nini.

Mwenyekiti alisema, "Iko."

Kaloki alisema aseme ni nini iko. Alisema ni H.

Wengine wote waliangalia kwa zamu, kila mmoja kwa jicho lake. H iko, na upande mmoja imelika kidogo, vile daftari linasema. Kaloki aliishika hiyo senti mkononi. Alienda kwa Mumbua, akamwita mwaitu, yaani mama, akamwomba msamaha mbele yetu. Mumbua alimwambia akae chini, chai inapoa.

KUMB. NA. 5/06/2025: MAAZIMIO
(a) Sheria ya jicho la kulia imefutwa. Kila mtu apimwe na atumie lake.
(b) Sarafu arobaini na moja zikaguliwe upya. Mwenyekiti alisema atafanya. Kikao kilisema atafanya Mumbua, na yeye ammulikie taa.
(c) Mwenyekiti alipendekeza iandikwe kwamba "herufi imeonekana tena." Katibu alikataa. Herufi haikuwa imesafiri. Imeandikwa: Mwenyekiti hakuiona.
(d) Mwenyekiti alisema basi mambo yameisha na kikundi kinasikitika. Bi. Mumbua alisema kikundi hakikumwita mwizi. Alieleza kwamba kwa wiki tatu amekuwa akibeba mahindi yake hadi Malili kwa sababu kwa posho mill ya hapa wanawake walikuwa wananyamaza akifika. Alisema, "Mimi sitaki msamaha wa chumba hiki. Ulisemea pale, ukasemee pale."

Mwenyekiti alieleza kwamba Jumamosi pale kuna watu wengi. Katibu alisema ndiyo maana. Mwenyekiti aliuliza kama barua inaweza kutosha. Ilipigiwa kura. Wote walisema haitoshi, na safari hii wote ni wote isipokuwa yeye.

KUMB. NA. 6/06/2025: KUFUNGA
Kikao kilihamia posho mill kwa miguu, Katibu akiwa na daftari na Mumbua akiwa na debe lake la mahindi. Laini ilikuwa na wanawake kumi na wanne. Mwenyekiti alisimama kando ya mlango akasema maneno yake, lakini mashine ilikuwa inasaga na hakuna aliyesikia. Alitaka iandikwe kwamba amesema. Haikuandikwa. Mwenye mashine alizima mashine.

Mwenyekiti alivua kofia. Alisema: "Mumbua hakuiba chochote. Senti iko, herufi iko. Ni mimi nilikuwa sioni, na nikasema."

Mwanamke mmoja wa nyuma alisema hajasikia vizuri. Alirudia.

Wanawake walimpisha Mumbua aje mbele. Alikataa. Aliuliza wa mwisho ni nani, akaonyeshwa, akaweka debe lake nyuma ya huyo.

Mashine iliwashwa, na kikao kikafungwa hapo saa kumi na moja na dakika tano. Mwenyekiti amezisoma kumbukumbu hizi zote, kwa jicho la kushoto, na hakupata kosa.

Mwenyekiti: Nzomo (sahihi)        Tarehe: 14/6/2025

Katibu: Muthoki (sahihi)        Tarehe: 14/6/2025