Mzani wa Baruti na Jicho la Byamungu

CHAMA CHA WAWINDAJI JIRANI, ANOKA
Kamati ya Kujaza Risasi
Jumamosi, 10 Oktoba 2015, gereji ya Mwenyekiti

Waliohudhuria: Mzee Elkanah (Mwenyekiti), Lynette Nkatha (Katibu), Naftali, Byamungu, Janvier.
Asiyehudhuria: Zadock. Alisema yuko zamu. Katibu hana uthibitisho.

KUMB. NA. 1/10/2015: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua saa nane na robo mchana. Alikumbusha kwamba msimu wa kulungu umebakiza wiki nne kuanza na kamati haina mzani unaoaminika wa kupimia baruti ya risasi tunazojijazia wenyewe. Kiti kilicho karibu na Janvier hakikukaliwa na mtu.

KUMB. NA. 2/10/2015: AJALI
Byamungu, akiwa na bandeji, alieleza kwamba wiki tatu zilizopita risasi iliyojazwa hapa ilizidi nguvu ndani ya bunduki yake, moto ukamrukia jicho la kulia. Daktari hajaahidi kitu. Risasi hiyo ilijazwa na Janvier.

Byamungu: "Janvier, miye nakuitaka ndugu. Uliniwekea poudre, ile baruti, ya namna gani?"

Janvier: "Ile ile ya wote. Nilifwata balance, ule mzani."

Naftali, aliyenunua mzani huo wa kidijitali bila kutumwa, alijibu: "Scale iko sawa kabisa. Ni yeye ali-rush." Alipendekeza Janvier aondolewe chamani. Katibu aliona kwamba Naftali aliutetea mzani kuliko jicho.

KUMB. NA. 3/10/2015: KUCHAGUA MZANI
Kulikuwa na mizani miwili: huo wa Naftali, na wa mshale wa Mwenyekiti, usiotumia betri, ambao Naftali alisema ni wa makumbusho.

Naftali aliwasha wake ili uonekane, akaanza kumimina baruti kisahanini. Mwenyekiti alimsimamisha, kwa kuwa hatukuwa tumeomba, na kwa desturi yetu baruti haiguswi kabla ya maombi. Wote walifumba macho isipokuwa Byamungu, aliyesema baadaye kwamba hili moja lililobaki analilinda. Maombi yalipofika kwa wagonjwa, aliona mzani ukijizima wenyewe. Ulipowashwa ulisoma sifuri, na baruti imo kisahanini. Atakayejaza kuanzia hapo atazidisha bila kujua.

Mwenyekiti alikiri kwamba siku risasi ya Byamungu ilipojazwa alichelewa kufika, akamkatiza Janvier katikati ya kupima ili tuombe. Naftali aliangalia viatu vyake.

Janvier: "Miye niliikuta ku zero. Nani aliiwasha?"



KUMB. NA. 4/10/2015: MAELEZO YA KATIBU
Katibu aliomba iandikwe kwamba aliyeuwasha mzani siku ile ni yeye, kabla hata ya "Amina", akidhani anasaidia. Alikumbuka jambo hilo siku mbili baada ya ajali, akaogopa, akanyamaza huku Janvier akinyooshewa vidole. Anaona aibu.

ILIAZIMIWA: Mzani wa mshale utumike. Hoja ya kumwondoa Janvier imefutwa.

Byamungu alimwomba Janvier msamaha na kumpa mkono. Mwenyekiti alimuuliza Janvier kama ameridhika. Alijibu kwamba kwa wiki tatu ni Katibu peke yake aliyempigia simu kumjulia hali, na alikuwa akimshukuru Mungu kwa ajili yake kila jioni.

Kikao kilikwisha saa tisa na dakika arobaini.

Mwenyekiti: E. Elkanah (sahihi)
Katibu: L. Nkatha (sahihi)