Hodi kwa Kila Nyota

Bugene, Karagwe
18 Februari 2024

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Baba mdogo Novatus anakusalimia sana. Duka lake la kuchapa na kutoa kopi linakwenda vizuri, nami namsaidia tangu nilipomaliza kidato cha nne. Matokeo yangu uliyasikia. Sasa nasubiri kujua nitapangiwa shule gani, na kama nitapata Fizikia. Tafadhali usimwambie mtu kwamba naomba Fizikia.

Nimeamua kuandika kwa sababu ulisema neno la simu likishasemwa limekwisha, lakini barua inasomwa mara mbili. Mwalimu Gaudiosus hutoka huko Kaisho kuja Kayanga kila mwezi. Amekubali kutubebea.

Bibi, nimeanza safari. Usishtuke, sijatoka Bugene. Baba mdogo alinunua kompyuta kwa mhandisi wa barabara aliyekuwa anahama, na ndani yake kuna mchezo. Jioni tukishafunga duka naruhusiwa kuucheza. Unapewa chombo cha angani, na mbele yako zimewekwa nyota zote za ule ukungu mweupe tunaouona usiku tukiwa uani kwako. Zile ambazo wataalamu wanazijua wameziweka zilipo, na zilizobaki wamezikisia kwa hesabu. Ni nyingi kiasi kwamba wachezaji wa dunia nzima, miaka yote hii, wamefika kwenye chache tu.

Wengine hupigana au hufanya biashara. Mimi nimevua silaha zote ili chombo kiwe chepesi, na nakwenda peke yangu hadi ukingoni, mahali nyota zinapoisha. Naruka kutoka nyota moja hadi nyingine. Kila nikifika, chombo kinatoa mlio mrefu kama wa pembe, kinasikiliza kama hapo kuna sayari, kisha naondoka.

Mwanzoni mchezo uliuliza jina la rubani. Niliandika lako. Rubani anaitwa Kokuberwa.

Mjukuu wako akupendaye,
Kemirembe


Kaisho, Kyerwa
10 Machi 2024

Mke mwenzangu Kemirembe,

Marahaba. Barua imefika, na mimi ni mzima. Goti lipo, linanikumbusha kila asubuhi kwamba ni langu. Maharage yamechipua vizuri. Ng'ombe wa Mackrine jirani yangu wameingia tena kwenye mahindi, na yeye anasema ni mbuzi wa mtu mwingine. Mbuzi wenye kwato kama sahani!

Sasa hilo la safari. Umenipeleka mbali bila hata kuniaga. Mtu anasafirishwa na hajui amevaa nguo gani? Haya, tumeshaondoka.

Lakini kuna jambo limenikosesha raha. Unasema unafika, unapiga pembe, unaondoka. Nani amekufundisha hivyo? Hapa mtu akipita mbele ya nyumba bila kusimama, tunajua ni mwizi au amenuna. Ukifika kwa watu unapiga hodi, unaingia, unaketi, unapewa kahawa ya kutafuna, unauliza watoto wako wangapi na wanaendeleaje. Ndipo unaaga. Hiyo nyota nayo si ina watoto? Wewe mwenyewe umesema zina sayari. Umewasalimia?

Kama unatumia jina langu, safiri kama mimi. Sijawahi kumpita mtu.

Nimekufungia akamwani kwenye jani la mgomba, ile kahawa niliyoichemsha na majani yake nikaianika. Iweke karibu na hiyo kompyuta. Ukifika kwa mtu, tafuna punje moja, kisha uingie ndani.

Na hiyo Fizikia sijamwambia mtu. Nimemwambia Mungu tu.

Bibi yako,
Kokuberwa


Bugene
7 Aprili 2024

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Habari za mvua? Huku imenyesha mpaka bodaboda za kwenda Kayanga zinasukumwa. Nashukuru kwa akamwani. Baba mdogo anaziiba, usimwambie kwamba nimesema.

Nimefanya ulivyoagiza. Sasa siruki tena haraka. Nikifika kwenye nyota natafuna punje, napiga pembe, kisha naingia na kuitembelea sayari moja baada ya nyingine. Baba mdogo alinicheka: "Kwa mwendo huu utafika ukingoni ukiwa na wajukuu!" Siku ya tatu aliacha kucheka. Alivuta stuli akaketi.

Bibi, nitajaribu kueleza vizuri. Nilifika mahali penye jua jekundu kubwa na jua dogo la samawati, yanazungukana. Nilitua kwenye sayari yao moja isiyo na hewa. Kila jiwe lilikuwa na vivuli viwili, vya rangi mbili tofauti. Nilizima taa za chombo. Jua dogo lilipozama, vivuli vya aina moja vikafutika vyote kwa pamoja, kama mtu amepitisha kitambaa. Nilisahau kwamba nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine ya kopi. Kama ningekuwa napita tu, nisingeliona jambo hilo, na labda hakuna ambaye angeliona.

Kwa maana hapo hapakuwa na jina. Mahali ambapo mtu ameshafika, mchezo unaonyesha jina la wa kwanza. Hapo palikuwa patupu. Nami nikapata habari ambayo lazima nikueleze: jina lako linaweza kuandikwa hapo, na kila mchezaji atakayefika baadaye atalisoma. Ila haliandikwi mpaka nirudi. Habari za nyota zinakaa ndani ya chombo, na ni lazima zikabidhiwe kwenye kituo chenye watu, kule nilikotoka. Chombo kikivunjika njiani, kila kitu kinapotea. Itakuwa kana kwamba hatukufika.

Je, niendelee hadi ukingoni, au nirudi na haya tuliyonayo?

Mjukuu wako,
Kemirembe


Kaisho
30 Aprili 2024

Kemirembe mke mwenzangu,

Marahaba. Sisi tupo. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti mbele ya Mackrine aliyekuja kuomba chumvi. Akaniambia, "Kokuberwa, hizo nyota zitakuletea mbolea?" Nikamjibu, "Mbolea nimeshaletewa na ng'ombe wako, ipo katikati ya mahindi." Akaondoka bila chumvi. Jioni akarudi. Alitaka kusikia tena pale kwenye vivuli viwili.

Nami nina la kukwambia. Kahawa ya kibanja hiki naichuma mimi na kuianika mimi. Ikifika kwenye chama cha ushirika, mwandishi anaandika Rwegasira. Babu yako amelala pale kwenye migomba, huu mwaka wa tisa, na bado anapeleka kahawa. Sina ugomvi naye, alikuwa mume mwema. Lakini nimewauliza, wakasema mama, ndivyo ilivyo kwenye orodha. Jina langu lipo kwenye kadi ya kura tu, nayo imefungiwa sandukuni.

Kwa hiyo niliposoma kwamba kuna mahali patupu panapongoja jina langu, nililala nikiwa nimefungua macho.

Unauliza uendelee au urudi. Nenda hadi ukingoni. Sijalima kibanja nusu maishani mwangu. Ila ukifika usijionyeshe shujaa. Tazama, kisha ugeuke. Unirudishe nyumbani, mwanangu. Nataka kuandikwa.

Bibi yako,
Kokuberwa


Bugene
26 Mei 2024

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mackrine hamjambo. Mimi ni mzima.

Nimefika.

Karibu na ukingo nyota zinakuwa chache. Lazima nikueleze kwamba chombo hupata mafuta kwa kulisogelea jua na kukinga moto wake, kama tunavyokinga maji ya mvua yanayotoka kwenye bati. Lakini si majua yote yanayotoa mafuta. Kuna madogo ya rangi ya kahawia, yamepoa, hayatoi chochote. Nilikuta la kwanza, la pili, kisha nikaona yote mbele yangu ni hayo. Tangi lilikuwa linaelekea kuisha. Mahali pamoja palikuwa na sayari ndogo ya kijani iliyokaa mbali na jua lake, ina pete mbili zilizopishana. Kuifikia kungekula mafuta yaliyobaki. Nilipiga pembe tu, nikaruka. Bibi, huyo mmoja nimempita. Ni yeye peke yake.

Jua lililofuata lilikuwa jeupe. Nilikinga mafuta mpaka tangi likajaa, nikaenda kunawa uso.

Kisha nikaruka mara ya mwisho. Mbele hapakuwa na kitu. Sisemi giza kama la chumbani, maana chumbani unajua kuna ukuta. Mwalimu wetu alitufundisha neno upeo, na nilidhani nalielewa. Nilikaa hapo bila kugusa kitufe, kisha nikageuza chombo taratibu. Ukungu wote mweupe ulikuwa pale mbele, mzima, umelala kama ungo, una mwanga katikati. Nilikumbuka asubuhi za kwako Kaisho, bonde linapojaa ukungu na vilele vya vilima vinatokeza juu yake kimoja kimoja, nawe unaniambia kile cha nani na kile cha nani. Mahali fulani ndani ya ule mwanga palikuwa na jua letu, lakini lilikuwa dogo mno, sikuweza kulitofautisha. Baba mdogo akauliza kwa sauti ya chini, kama yuko kanisani, "Na sisi tuko wapi hapo?" Nikamwambia, "Humo." Akasema, "Na shule ya msingi Kaisho pia?" Nikasema pia.

Sasa narudi. Tuombee njia.

Mjukuu wako,
Kemirembe


Bugene
28 Juni 2024

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, Mwalimu Gaudiosus ananisubiri nje.

Nimepangiwa! Fizikia, Kemia na Hisabati, shule ya wasichana huko Muleba. Naondoka Jumapili. Nimefurahi sana, na nimehuzunika, maana chombo hakijafika.

Wiki iliyopita nilitua kwenye sayari yenye uzito mkubwa kuliko nilivyodhani. Ilitunyakua. Chombo kimepasuka vibaya. Kugonga tena mara moja kutakimaliza. Tangu hapo nimekwenda polepole na bado tumebakiza njia. Shuleni hakuna simu wala michezo ya kompyuta. Baba mdogo amejifunza kuruka, lakini akikaribia kutua anaingiwa na hofu na kukibamiza. Tena ameshapata mnunuzi wa kompyuta kutoka Omurushaka, ataichukua Agosti ikiisha, pamoja na mchezo wenyewe.

Nimekisimamisha mbali na kila jua. Injini nimeizima. Jina lako limo ndani. Uliniomba nikurudishe nyumbani na nimekuacha njiani.

Mjukuu wako,
Kemirembe


Bugene
25 Agosti 2024

Mke mwenzangu, mwanafunzi wa Fizikia,

Sijasikia shikamoo yako, lakini marahaba. Unakula vizuri? Wanakufundisha? Mimi ni mzima. Usidhani nimekosea hapo juu. Niko Bugene kweli. Kahawa nimeianika, na Mackrine ndiye anayeigeuza juani kila siku. Ni faini ya ng'ombe wake.

Barua yako niliisoma mara moja tu. Nikafunga kitenge, nikamwambia Anatory wa bodaboda anipeleke, na akiliona shimo alikwepe kwa ajili ya goti. Nikaingia dukani kwa mwanangu. Nikamwambia, "Novatus, washa. Twende."

Akasema, "Mama, naogopa kukivunja."

Nikasema, "Hata mimi naogopa. Washa."

Tulisafiri jioni baada ya jioni. Yeye anashika usukani, mimi naketi kwenye kiti chako cha plastiki nikiwa na akamwani. Kila tulipofika alitaka kuruka. "Mama, hawa wameshatembelewa na wengine, wana majina, tuwapite." Nikamwambia sikumlea hivyo. Tukaingia kwa kila mmoja. Niliona jua linalozunguka upesi hata macho hayalifuati, linarusha mwanga pande mbili kama mtu anayepepeta. Niliona sayari kubwa yenye milia, na tufani yake inageuka kimya. Nilimwuliza Novatus kama kweli vitu hivi vipo. Akasema vingine vipo hivyohivyo, vingine wamekisia. Nikasema basi Mungu amefanya zaidi ya hapo, maana yeye hakisii. Miaka yote hii nimetoka uani usiku kufunga kuku, vyote hivyo vikiwa juu ya kichwa changu.

Tulipokiona kituo, Novatus akaanza kutokwa na jasho. Akawa anashuka kwa pupa. Nikamwekea mkono begani. Nikamwambia, "Umewahi kuniona nautupa mkungu chini? Unakata mgomba nusu, unaushika mkungu, unaushusha begani. Shusha hivyo." Akavuta pumzi. Akashusha. Kulisikika mkwaruzo, taa nyekundu zikawaka zote, kisha kimya. Tukawa tumefika.

Akakabidhi zile habari. Nikamwambia anipeleke kwenye ramani, pale penye vivuli viwili. Akafungua. Chini ya nyota pameandikwa wa kwanza kufika hapo ni nani. Nilisoma herufi moja moja, kwa kidole, kama siku ya kwanza darasani. Kokuberwa. Novatus akaniuliza kama mwanga unaniumiza macho. Nikamwambia anyamaze.

Nikirudi Kaisho nitapita chamani. Nataka mwandishi anieleze kwa nini nyota zimeweza kuniandika na yeye anashindwa.

Ama yule mnunuzi wa Omurushaka, nimemwambia arudi kwake salama. Kompyuta haiuzwi. Novatus alitaka kubisha, akanitazama usoni, akaacha. Chombo kimekwisha kutengenezwa, tangi limejaa, na jana tumeondoka kituoni. Tuna safari ndefu. Nitakuwa nakuja kila mavuno yakiruhusu, na ukifunga shule Desemba utatukuta njiani.

Yule mdogo wa kijani, mwenye pete mbili, hajasalimiwa. Wewe soma. Hodi nitapiga mwenyewe.

Bibi yako,
Kokuberwa